Kamanda wa Najma

Jina la Job Mafabi lilikuwa la kumi na saba. Laban Mogaka aliliandika kwa herufi kubwa kama yale mengine, akaongeza nchi, kazi na makao: Uganda, dereva, villa ya nyuma ya msikiti, mtaa wa Najma, Doha. Makao hayo yalikuwa yake pia. Job na mkewe Fiona waliishi upande wa pili wa ukuta wa mbao, na jiko walilotumia lilikuwa moja. Hata meza aliyowekea laptop, Job ndiye aliyeibeba kichwani kutoka mtaa wa pili siku walipohamia.

Kerubo, mke wa Laban, alirudi kutoka zamu ya usiku hospitalini saa mbili asubuhi akamkuta hapo. Alivua viatu vyake vyeupe vya kazi, akasimama nyuma ya mumewe, akasoma.

"Hii ni nini, Baba Melissa?"

"Kazi ya Umoja. Kesho nitaisoma kwa mkutano."

"Na hawa watu wamefanya nini?"

"Ni Waganda wanaokaa nyumba moja na Wakenya. Wamepewa mpaka mwisho wa mwezi wahame. Ni amri ya Kamanda, si yangu. Mimi ni katibu tu."

Kerubo akasoma tena kutoka juu hadi chini, polepole, vile anavyosoma chati ya mgonjwa. "Umeandika jina lake vizuri," akasema. "Hata herufi moja hukukosea." Akaenda kulala.

Laban alibaki akiangalia mlango uliofungwa. Angegombezwa angejua la kujibu, maana majibu alikuwa nayo. Alikuwa ameyasikia kila Ijumaa kwa mwaka mzima.

*

Ukweli usemwe: mwanzoni Githinji, huyo Kamanda, alistahili kila sifa aliyopewa. Mlinzi kijana aitwaye Shaun alianguka lindoni akafa, na mwili wake ukakaa mochari wiki tatu huku kila ofisi ikiwatuma watu ofisi nyingine. Githinji, aliyekuwa msimamizi wa walinzi katika mnara mmoja wa West Bay, alichukua siku zake za likizo, akakaa milangoni na faili mapajani tangu kufunguliwa hadi kufungwa. Siku ya nne Shaun alipakiwa ndegeni. Laban, mmoja wa walinzi wa Githinji, alikuwepo. Alimwona yule mtu mkubwa, mwenye shingo ya mbeba vyuma, akilia wazi bila kujificha, na tangu hapo angemfuata popote.

Ndivyo Umoja wa Ngao, chama cha kusaidiana, ulivyozaliwa. Ugomvi wa pombe ukaisha. Aliyefutwa kazi alipata chakula na mahali pa kulala. Wakenya wa Najma wakaanza kutembea vifua mbele. Kisha yakaja mashati ya kijivu yenye nembo ya ngao, na watu wakayapenda. Kisha ikaja saluti ya ngumi kifuani, na kiapo, na Kikosi cha Nidhamu cha walinzi sita warefu waliochaguliwa na Githinji mwenyewe. Neno "mwenyekiti" likafa, akawa Kamanda. Mweka hazina, dada mmoja aitwaye Rael, aliuliza swali moja mkutanoni kuhusu uchaguzi. Kufikia jioni alikuwa ameondolewa kwenye kundi la WhatsApp, na kesho yake hakuna Mkenya aliyemsalimu ngazini. Hakuna aliyelazimishwa kunyamaza. Hilo ndilo lililokuja kumtisha Laban baadaye: hakuna aliyeshikiwa rungu.

Halafu walinzi arobaini wa Kenya wakapoteza lindo lao katika jengo moja, na waliochukua nafasi zao walikuwa Waganda. Kamanda alipanda jukwaani Ijumaa hiyo akasema, "Adui yenu si Mwarabu. Adui yenu anakula kwa sufuria yenu." Waganda waliokuwa wanachama wakatolewa siku hiyohiyo. Laban aliandika barua zao.

*

Mkutano ulifanyika katika shamba moja la Umm Salal, nje ya mji, lililotunzwa na Mkenya. Hema jeupe, viti vya plastiki mia tatu, vipaza sauti viwili, na mbele kabisa picha ya Kamanda, kubwa kuliko mlango. Githinji aliongea saa nzima. Lazima ikubaliwe kwamba alijua kuongea. Alishusha sauti hadi watu wakainama kumsikia, kisha akaipandisha hadi wakasimama wenyewe. Laban, ameketi nyuma yake na karatasi mkononi, alihisi nywele za mikono zikimsimama kama kawaida, akajichukia kidogo.

"Katibu," Kamanda akaita. "Wasomee."

Laban alifika jina la tatu Kerubo aliposimama. Alikuwa katikati kabisa ya hema, gauni lake la maua likionekana kutoka kila upande katika ule ukijivu.

"Samahani. Nina swali."

Laban akaacha kusoma, watu wakageuza vichwa.

"Namba kumi na saba ni Job Mafabi," Kerubo akasema, bila kipaza sauti, kwa sauti ya kawaida ya mtu anayeongea na jamaa wa mgonjwa. "Julai, mchana, Virginia alishikwa na uchungu, na ambulensi ilikuwa bado njiani. Kevin, uko hapo kwa Kikosi, nakuona. Mtoto wako alizaliwa kwa gari ya nani?"

Kevin aliangalia viatu vyake.

"Nimeuliza tu. Kwa sababu mimi ndiye niliyemshika huyo mtoto, na Job ndiye aliyekuwa kwa usukani, na Fiona ndiye alimshikilia Virginia kichwa. Sasa nataka kujua, tunawafukuza kwa kosa gani?"

Githinji alitabasamu. "Mama Melissa ametoka zamu ya usiku, jameni. Mnajua vile wauguzi wetu huchoka."

Watu mia tatu wakacheka. Kilikuwa kicheko cha ahueni, cha watu waliopewa njia ya kutokea, nacho kilimuuma Laban kuliko tusi. Kerubo alingoja kiishe.

"Nimechoka, ndiyo," akasema. "Lakini nimeuliza."

Vijana wawili wa Kikosi wakamfikia. Mmoja alinyoosha mkono.

"Usinishike. Natembea mwenyewe."

Akachukua mkoba wake, akapita kati ya viti bila haraka, akiomba njia kwa kila goti. Laban alimwona akitoka kwenye mwanga mkali wa nje. Kamanda akageuka akamwangalia, na Laban, Mungu amsamehe, akaendelea kusoma. Alisoma la nne. Alisoma la kumi na saba. Alisoma hadi la thelathini na mbili. Na ilipoulizwa nani anakubali Kamanda aongoze bila uchaguzi mpaka kazi iishe, alisimama pamoja na wote, ngumi kifuani.

Aliporudi nyumbani alimkuta Kerubo na Fiona jikoni wakikata sukuma wiki. Fiona hakuinua kichwa.

"Anajua," Kerubo akasema. "Nimemwambia mimi, ndio asisikie kwa watu wengine."

*

Jumapili asubuhi, gari lililokuwa likiwachukua wauguzi wanne wa Kenya lilisimama kwenye kona kama kawaida, na dereva akasema limejaa. Ndani kulikuwa na watu watatu. Kerubo alikwenda kwa metro. Wodini, Emily, aliyekuwa akila naye kila siku, alihamia meza nyingine akijifanya anafuata plagi ya simu. Chelsea, muuguzi wa ghorofa ya tatu, alimwandikia ujumbe: *Pole dear, bwanangu yuko kwa Umoja,* kisha akaufuta.

Kerubo hakulalamika. Alitoka nyumbani mapema zaidi, basi. Laban alikuwa akimtazama kutoka dirishani akivuka barabara, mdogo wa umbo, mkoba begani, na aliona aibu isiyo na mahali pa kuiweka. Kwa miaka kumi na moja ya ndoa alikuwa amemjua kama mwanamke mtulivu, na utulivu huo aliudhania kuwa woga.

Jumanne Kamanda alikuja mwenyewe, na sanduku la tende, na vijana wawili wakabaki mlangoni. Aliketi kwenye kiti pekee chenye mikono. Laban alisimama kwa sababu hakualikwa kuketi, nyumbani kwake mwenyewe.

"Mama, mimi nakuheshimu," Githinji akaanza. "Nataka video fupi tu. Dakika moja. Useme ulikuwa umechoka, na kwamba uko pamoja na Kamanda. Tunaituma kwa group, mambo yanaisha."

"Chai yako unaweka sukari ngapi?"

"Mbili."

Kerubo akaweka mbili, akakoroga, akampa. "Siwezi, Bwana Githinji."

Mwaka mzima Laban hakuwa amesikia mtu akimwita Kamanda kwa jina lake.

"Kamanda," kijana mmoja akasahihisha kutoka mlangoni.

"Bwana Githinji," Kerubo akarudia kwa upole. "Ulipompeleka Shaun nyumbani, nilipiga simu Kisii nikawaambia watu wetu kwamba hapa Doha tuna mwanaume. Sikuwa nakupa sifa za uongo. Hata leo nitasema hivyo, na hakuna mtu atakunyang'anya hiyo kazi. Lakini kuna kitu ulituambia siku hiyo kwa airport. Ulisema karani mmoja pale mochari ndiye aliyetafuta ile karatasi iliyopotea, akaacha chakula chake cha mchana kwa sababu yako. Unamkumbuka?"

Githinji akanywa chai.

"Dominiko," Kerubo akasema. "Mtu wa Gulu, Uganda. Sasa anakaa Najma na Mkenya. Ni namba nne."

Laban aliona kitu kikipita usoni mwa yule mtu mkubwa, kitu kama maumivu ya jino, na kwa nukta moja akatumaini. Lakini Githinji aliweka kikombe chini akasimama.

"Mama, usinifundishe. Nikilegea na mmoja, nimelegea na wote." Akavuta shati lake likanyooka. "Bwanako yuko chini yangu kazini. Anaweza kupoteza kazi hivi hivi."

"Anaweza," Kerubo akasema. "Mimi nina kazi. Tutakula."

Githinji akamgeukia Laban. "Sitangoja mwisho wa mwezi. Jumamosi Kikosi kitakuja kumtoa huyo Mganda. Wewe ndiye utawafungulia mlango."

Alipotoka, Laban alisubiri mkewe aseme neno. Kerubo aliosha kikombe, akakifuta, akakirudisha mahali pake. Kisha akasema, "Jumamosi niko zamu ya mchana, Baba Melissa. Sitakuwa hapa." Hakuongeza kitu. Hakumwomba wala hakumtisha.

*

Saa tatu asubuhi Jumamosi, wote sita walifika, Kevin akiwa mbele. Job alikuwa kazini; Fiona alikuwa amejifungia ndani. Laban alikuwa amesimama kwenye mlango mkubwa wa villa, amevaa fulana na kaptura, kandambili miguuni. Shati la kijivu lilikuwa chumbani.

"Mogaka, tuko kazi," Kevin akasema. "Sogea."

"Hiyo list niliandika mimi."

"Tunajua. Sogea."

"Mimi ndiye niliyeiandika, na nasema nilikosea. Si Job peke yake. Wote thelathini na wawili. Nilijua nikiiandika kwamba nakosea, na bado nikaisoma."

"Buda, acha kutupotezea wakati. Hii ni amri ya Kamanda."

"Basi Kamanda aje abebe friji yao mwenyewe."

Aliyempiga hakuwa Kevin. Alikuwa kijana wa pembeni, na ngumi yake ilimpata mdomoni. Laban alionja damu. Alishangaa kwamba haikuuma sana, na kwamba bado alikuwa wima. Hakurudisha. Alieneza mikono miwili akashika miimo ya mlango, akabaki hivyo, mtu wa miaka arobaini na mbili mwenye kitambi kidogo, damu ikimtonea kifuani.

Nyuma yake kufuli likalia. Fiona alikuwa ametoka chumbani. Hakupiga kelele. Alikuja na taulo lililoloweshwa maji akaliweka kwenye mdomo wa Laban bila kumtazama Laban. Alikuwa akimtazama Kevin.

"Mtoto hajambo?" akamuuliza.

"Hajambo," Kevin akasema mwishowe. "Ameanza kukaa."

"Mungu ni mwema."

Mpita njia mmoja mwenye mfuko wa mikate alisimama kutazama, akaona mashati, akaendelea.

"Khalas," Kevin akasema. "Twendeni."

"Tutamwambia nini Kamanda?"

"Mimi ndiye nitamwambia. Nitamwambia Kevin amekataa."

*

Kufikia adhuhuri Najma yote ilikuwa na habari. Watu wakangoja Kevin aadhibiwe. Kamanda aliamuru asisalimiwe, na siku mbili hakusalimiwa. Siku ya tatu, kwenye bakala, lile duka la kona, mpishi mmoja wa hoteli alimwambia "Niaje, Kevin," kwa sauti, mbele ya watu, naye Kevin akajibu, na mbingu hazikuanguka. Kesho yake wakamsalimu watano. Ile orodha ikafika mwisho wa mwezi bila hata mmoja kuhamishwa, kwa sababu Kikosi hakikupatikana. Huyu alikuwa na zamu, yule aliumwa mgongo.

Ijumaa iliyofuata, kwenye viti mia tatu vya Umm Salal walikaa watu sitini. Ijumaa nyingine, kumi na tisa. Githinji aliwafokea hao kumi na tisa kwa makosa ya wale ambao hawakuja, na wanne wakaondoka akiendelea kufoka. Mashati ya kijivu yakaonekana yakifuta vioo vya teksi. Rael akaanza kupita nyumba kwa nyumba akiwa na daftari la sahihi za kudai uchaguzi, na safari hii milango ikafunguka.

Kamanda alianguka bila kupigwa risasi na bila kufungwa. Asubuhi moja simu karibu mia tatu zilionyesha kwa wakati mmoja kwamba Githinji ameondoka kwenye kundi alilolianzisha mwenyewe. Hakuandika hata mstari mmoja. Kazini bado alikuwa mkubwa, na kabla ya wiki hiyo kuisha, Laban alitolewa kwenye lobi yenye baridi akapelekwa geti la kupakulia mizigo, juani. Alikwenda. Kerubo alimnunulia kofia yenye ukingo mpana, akamwambia inampendeza.

Jambo moja lilibaki. Job hakumsemesha Laban. Alimpisha jikoni kwa adabu, akaondoa sufuria yake mapema, akasema "samahani, ssebo", ile "bwana" ya Kiganda anayomwambia mgeni. Laban alivumilia wiki tatu, kisha akamfuata nje alikokuwa akipangusa gari.

"Job, nimekuja kuomba msamaha."

Job aliendelea kupangusa. "Mdomo ulipona?"

"Ulipona."

"Nashukuru kwa ile. Fiona aliniambia." Akakamua kitambaa. "Lakini ile ulifanya mlangoni, watu saba wakiona. Jina langu ulilisoma mbele ya watu mia tatu. Mimi nilisikia nikiwa barabarani, mukubwa. Abiria alikuwa na video, akacheka, hakujua ni mimi. Sasa wewe unakuja kuniambia hapa kwa ndoo?"

Job akaisogeza ndoo kwa mguu.

"Nenda uniombe kule," Job akasema.

*

Mkutano wa uchaguzi ulifanyika katika ukumbi mdogo wa kukodi, Wakenya na Waganda pamoja. Jina la kwanza kupendekezwa lilikuwa la Kerubo, na makofi yakapasua paa. Mtu mmoja kutoka nyuma akapaaza sauti, "Kamanda Mama!" na wengine wakaidaka.

Kerubo alisimama. "Mkiniita hivyo tena, naenda nyumbani," akasema, na kwa uso wake wakajua hatanii. "Tena mimi niko na zamu. Huyu Rael aliuliza swali kabla yangu, akakaa miezi mitano bila kusalimiwa, na hakuna aliyemtetea, hata mimi. Mchagueni yeye. Mwaka mmoja. Akimaliza, atoke."

Rael alichaguliwa huku akilia. Laban alimtazama mkewe akiketi na kutengeneza leso yake, kama mtu aliyemaliza kazi ndogo. Aliwahi kudhani ameona ukubwa siku ile ya uwanja wa ndege, na kweli aliuona; lakini Githinji, mwenye nao, alishindwa kuubeba. Huyu alikuwa ameubeba miaka yote, akienda nao kazini na kurudi.

Kisha akainua mkono, akaomba kuongea. Alikwenda mbele.

"Mimi ni Laban Mogaka. Nilikuwa katibu. Niliandika majina thelathini na mawili ya watu ambao hawakuwa wamenikosea, nikayasoma. Mke wangu aliposimama kuuliza kosa lao, mbele yenu, niliendelea kusoma. Hakuna aliyenishika mkono. Nataka kuwaomba msamaha mmoja mmoja." Akayataja yote, kwa kichwa, bila karatasi. Alipofika la kumi na saba sauti ilikatika, akangoja, akalisema tena likiwa zima. Wengine walipiga makofi alipomaliza. Dominiko, karani wa mochari, alitikisa kichwa akakubali. Job, karibu na dirisha, hakupiga makofi wala hakutikisa kichwa.

Nje, jua lilikuwa likizama nyuma ya majengo, na Laban na Kerubo wakaanza kutembea kuelekea kituo cha metro. Hawakuwa wamefika mbali gari likapunguza mwendo kando yao, kioo kikashuka. Fiona alikuwa nyuma. Job alikuwa kwa usukani, macho mbele.

"Mnaenda Najma?"

"Tunaenda," Kerubo akasema.

"Ingieni. Mama, wewe kaa hapa mbele." Kisha akageuza kichwa kidogo, kwa mara ya kwanza tangu siku ya ndoo. "Na wewe, Mogaka, ukae huko nyuma. Kuna kiti cha gari cha mtoto wa abiria nabeba. Utakishika mapajani mpaka tufike."

Laban akaingia nyuma, akakipakata kile kiti, akafunga mkanda.